Kihamba cha magurudumu sita

Ukifika kambini jioni umechoka, kazi ya kwanza si kuinjika chai. Ni pima maji. Mume wangu huilaza sakafuni mbele ya friji, tukapiga magoti wote wawili kuangalia kipovu kimekimbilia upande gani. Kikienda kushoto, tunasukuma vipande vya ubao chini ya magurudumu ya kulia, anayapandisha taratibu, mimi nikiwa nje na tochi nampungia mkono: njoo, njoo, simama. Friji ya gari la namna hii hupoozwa kwa mwali mdogo wa gesi, na dawa iliyomo ndani yake huzunguka yenyewe bila pampu. Ikilala upande, dawa inakwama, na baada ya siku chache friji imekufa. Kwa hiyo tunapanda na kushuka mara tatu, mara nne, mpaka kipovu kitulie kati ya mistari yake miwili. Hapo anazima injini. Kuanzia dakika hiyo hatusemi tena gari. Tunasema nyumba.

Ni nyumba ya mita tisa na magurudumu sita, kitanda nyuma, jiko katikati, usukani sebuleni. Tumeishi humo misimu mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, kaskazini kabisa mwa Marekani ambako milima inavuka mpaka na kuingia Kanada. Miezi mingine tunakaa Missoula, mji ulio saa mbili na nusu hivi kusini mwa hifadhi. Lakini mimi ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro. Nilizaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, ambacho babu alikirithi kwa baba yake, mpaka wake ni mimea ya masale, na ndani yake, chini ya migomba, wamelala wote waliotangulia. Kwetu nyumba unaweza kuivunja ukajenga nyingine. Kihamba hakihami. Ndiyo maana nataka kuwaeleza nilichokiona kwa watu wazima, wengine wa umri wa mama yangu, waliouza nyumba na kiwanja, wakaamua kuzeekea barabarani na kufanya kazi mlimani.

Cheo chetu, kwa Kiswahili, ni wenyeji wa kambi. Tunapokea wageni, tunawaonyesha nafasi zao, tunaokota taka, tunasafisha mashimo ya moto, tunajibu swali la choo kiko wapi mara arobaini kwa siku. Saa nne usiku tunapita kuwaomba watu wapunguze sauti. Ni kazi ya kujitolea, iliyowekewa msingi na sheria ya mwaka 1970 iliyoruhusu hifadhi za taifa za Marekani kupokea watu wasiolipwa mshahara. Unatoa saa thelathini hivi kwa wiki, unapewa mahali pa kuegesha, maji, umeme na tundu la majitaka. Hakuna senti inayobadili mikono. Wengine, majirani zetu wa ng'ambo ya barabara, wameajiriwa na kampuni zinazoendesha hoteli, maduka na mabasi ndani ya hifadhi. Hao hulipwa kwa saa, na mara nyingi hukatwa kiasi fulani kwa ajili ya maegesho.

Kwa nini hifadhi iwatake watu wenye nyumba zao mgongoni kama konokono? Kwa sababu haina pa kuwalaza. Wageni ni kama milioni tatu kwa mwaka na wengi wao hufika ndani ya miezi minne ya joto. Kujenga nyumba za watumishi zitakazokaa tupu miezi minane ni hasara, na kodi za nyumba katika bonde la jirani zimepanda tangu mwaka 2020 kiasi kwamba kijana wa kuhudumu hotelini hazimudu. Mzee mwenye gari lake anafika na kitanda chake, jiko lake, choo chake. Anahitaji mita kumi na mbili za kokoto na bomba. Tatizo la makazi ambalo mwajiri angepaswa kulitatua, yeye amekuja nalo limekwisha kutatuliwa kwa akiba yake mwenyewe. Wanaoandika matangazo ya kazi hizi huzungumzia sana mandhari. Suala la makazi huliachia mfuko wa mzee.

Na mandhari ni ya kweli, sitaki kuyapunguza. Ziwa McDonald, ambalo kambi yetu ipo kwenye ncha yake, lina urefu wa kilomita 16, na mawe ya ufukweni ni mekundu na ya kijani kama yamepakwa rangi. Mwinuko wake kutoka usawa wa bahari haupishani sana na wa Moshi mjini. Hilo lilinishangaza nilipolitazama kwenye ramani, maana mwanzoni mwa Juni asubuhi nyingine tulikuta mpira wa maji umeganda kama fimbo. Sasa tumejifunza kuuchomoa kabla ya kulala na kuuweka bafuni. Logan Pass, njia ya juu kabisa inayopitika kwa gari, uko mita 2,026, juu kidogo tu ya Lango la Marangu ambako mtalii wa Kilimanjaro ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu. Lakini hapa ni mbali na ikweta. Theluji inayolala karibu na Logan huweza kufikia mita 24 mahali pamoja, na matingatinga huanza kuichimba masika wakati kambi zimefungwa. Miaka mingi barabara inayopita Logan haifunguki yote mpaka mwisho wa Juni, au Julai imeingia.

Barabara yenyewe, ya kilomita 80, ilizinduliwa mwaka 1933, imechongwa kwenye ubavu wa mwamba na upande mmoja ni shimo. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwenye gari-nyumba hulipokea kwa uchungu: halali kwake ni pembezoni tu. Gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21, yaani mita sita na nusu hivi, haliruhusiwi kuvuka sehemu ya katikati, na lenye upana wa zaidi ya futi 8, vioo vikiwemo, nalo haliruhusiwi. Miamba imening'inia juu ya lami. Tunaishi mlimani kwa miezi mitano na nyumba yetu haijawahi kuuona mgongo wa mlima. Ndiyo maana karibu kila gari-nyumba huja likivuta kigari kidogo nyuma yake, kama jike na ndama.

Nimewahi kumsimamisha mzee mmoja aliyefika kutoka mbali na jumba la mita kumi na moja. Aliniambia ameendesha malori miaka thelathini, hakuna kona inayomshinda. Nikamwambia, baba, naamini, lakini mwamba hauulizi leseni. Akatulia kidogo, akaegesha, kesho yake akapanda basi jekundu. Mabasi hayo mekundu, yenye paa la turubai linalokunjwa, yaliundwa kati ya mwaka 1936 na 1939 na bado yanabeba wageni. Wengi wa madereva wake nao ni wastaafu wa msimu. Alirudi jioni hana la kusema, akaniletea kikombe cha kahawa.

Lakini watu hawa ni akina nani? Walimu wastaafu, wauguzi, mafundi umeme, askari wa zamani, mama aliyefanya kazi benki. Niliowafahamu wako wa namna mbili, na namna hizo huketi kwenye moto mmoja bila kutofautishwa kwa macho. Kuna waliochoka na bustani ya kufyeka kila Jumamosi, wakauza nyumba wakiwa na nguvu na akiba. Na kuna walioangushwa: mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 uliwala nyumba, talaka ikaleta deni, maradhi ya mwenzi yakamaliza pensheni. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu ya kundi hilo la pili, *Nomadland*, mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Ni filamu inayostahili sifa zake. Ila niliyoyaona mimi yana upweke mdogo zaidi na hesabu nyingi zaidi.

Hesabu zao huanza na mafuta. Gari kama letu hunywa lita moja kwa kilomita nne, basi huwezi kutangatanga. Unachagua mahali, unakaa. Msimu wa mlima ukiisha, wenye viungo bado imara huelekea mashariki mwezi Oktoba, bonde la Mto Red, mpakani mwa North Dakota na Minnesota, kuvuna viazisukari. Ni wiki chache za zamu ya saa kumi na mbili, usiku au mchana, kwenye vumbi na baridi, wakiongoza malori yanayomwaga mzigo. Malipo ni mazuri na huwavusha majira ya baridi. Kisha wanashuka kusini kama korongo, Arizona au Texas; huko Arizona, jangwa la Quartzsite kila Januari hugeuka mji wa magari. Anwani zao za kudumu ni sanduku la barua South Dakota, jimbo lililokubali kumpa leseni ya udereva mtu aliyelala humo usiku mmoja tu na kuonyesha risiti. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu habari ya risiti ile. Akanyamaza, halafu akauliza: "Na wakifa wanazikwa wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Wengi huchomwa, na majivu humwagwa mahali walipopapenda.

Wageni huniuliza sana kuhusu dubu, hakuna anayeniuliza kuhusu majitaka, ingawa ni majitaka yanayomfundisha mtu maisha haya. Chini ya sakafu yetu kuna matangi matatu: maji safi, maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na ya chooni. Unaishi ukijua uzito wa kila kikombe unachomwaga. Siku ya kumwaga, unavaa glovu, unafunga mpira mnene kwenye tundu la ardhini na kuukaza mpaka usikie umeshika. Unafungua kwanza vali ya choo. Unasubiri, unasikiliza mlio ukibadilika kutoka mzito hadi mwembamba. Ndipo unafungua ya maji ya sabuni, yasuuze mpira. Ukikosea ule mpangilio utakaa na harufu wiki nzima. Mwezi wetu wa kwanza mimi nilisahau kukaza shingo ya mpira. Sitasimulia zaidi, ila jirani, mama wa miaka sabini na ushee, alitoka kwake na ndoo mbili za maji na dawa, akapiga magoti pembeni yangu na kusugua kokoto kwa brashi bila kuniuliza lolote. Tulipomaliza akasema kila mtu hapa amesugua kokoto zake. Ndivyo tulivyojuana.

Dubu basi. Wapo wa aina mbili, na yule mkubwa wa kahawia, grizzly, anakadiriwa kufikia mia tatu ndani ya hifadhi. Usiku mmoja wa Agosti mwaka 1967 wasichana wawili waliuawa na dubu wawili tofauti, mahali pawili tofauti, ndani ya saa chache. Enzi hizo mabaki ya chakula yalimwagwa nje na watu walikaa kuwatazama dubu wakija kula. Tangu hapo kanuni ni chakula na taka kufungiwa, na ni kazi yetu wenyeji kuisimamia. Chochote chenye harufu, dawa ya meno, sabuni, hata kasha tupu la kuwekea vinywaji, hakilali mezani. Mimi hupita jioni na tochi, na nikiona sufuria lenye mafuta ya kukaangia nagonga hema. Watu hukasirika. Nawaambia ukweli: dubu akizoea chakula chenu, atakayekufa mwishowe ni dubu, kwa risasi ya askari wa hifadhi, na wala hatajua kosa lake.

Jumamosi moja ya Julai, katika msimu wetu wa pili, nilisikia Kiswahili nyuma ya mabomba ya maji. Missoula ilianza tena kupokea wakimbizi mwaka 2016, na familia za kwanza safari hiyo zilitoka Kongo, kwa hiyo mjini si ajabu tena. Humu hifadhini ilikuwa mara yangu ya kwanza. Walikuwa vijana, watoto, na bibi mmoja aliyejifunga kitenge juu ya koti. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba bila kusita, nikajua amepita Tanzania. Alikuwa amekaa Nyarugusu, wilayani Kasulu, miaka kumi na minane.

Nilimkaribisha kwenye kiti cha kukunja mbele ya nyumba yangu. Akatazama huku na huku: mahema yamepangwa kwa safu, kila nafasi na kigingi chenye namba, foleni ya watu wenye madumu kwenye bomba, moshi wa kuni. Akauliza hapa panaitwaje. Nikasema kambi. Lile neno lilitoka kinywani mwangu kabla sijalifikiria.

"Kambi," akarudia. "Na hawa wazungu, wanalipa pesa juu ya kulala mu kambi?"

Nikasema ndiyo, wengine hukata nafasi miezi sita kabla.

Akakaa kimya muda mrefu, mikono juu ya magoti. "Miye nililala bure miaka kumi na minane," akasema, "kila siku nikiomba Mungu anitoe." Hakusema kwa hasira. Aliangalia mjukuu wake akirusha mawe ziwani. Halafu akanigeukia mimi na gari langu. "Na wewe, shamba lako liko wapi?" Nikamweleza Marangu, migomba, kahawa chache zilizobaki. Nani analitunza? Mdogo wangu. Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi uko na nyumba," akasema, na hakuniuliza tena habari ya gari.

Nimelifikiria sana swali lake. Mimi na mume wangu tunaweza kucheza mchezo huu wa magurudumu kwa moyo mwepesi kwa kuwa kuna mahali ambapo jina letu limepandwa. Majirani wengi hawana. Walicho nacho ni kurudi. Mei wanarudi kambi ile ile, wanakuta mti ule ule, wanaulizana nani hakuja. Orodha ya wasiokuja husomwa taratibu usiku wa kwanza kwenye moto. Hapo nimewahi kulia kwa ajili ya mtu niliyemfahamu miezi mitano tu.

Hata mlima wanaourudia hauwasubiri. Kati ya mabonge ya barafu ya kudumu yapatayo 150 yaliyokuwepo katikati ya karne ya 19, mwaka 2015 yalihesabiwa 26 tu ambayo bado ni makubwa ya kutosha kuitwa barafuto. Mgeni akiniuliza barafu iliyoipa hifadhi jina lake iko wapi, namwonyesha, lakini kwanza namwambia mimi natoka chini ya mlima mwingine, Kilimanjaro, uliopoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007. Utotoni nilikuwa nikichota maji asubuhi naiona Kibo ikimeta. Najua anachotafuta.

Mama yule aliyesugua kokoto pamoja nami aliteleza kwenye ngazi ya nyumba yake asubuhi moja ya Septemba, mwaka jana. Ngazi ni mbili tu, za chuma, na usiku ule ulikuwa na umande ulioganda. Akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilimpeleka Kalispell, kama kilomita 50, na matibabu ya wenye miaka zaidi ya 65 hugharimiwa kwa kiasi kikubwa na bima ya serikali, kwa hiyo hospitali haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyumba. Sheria ile ya 1970 inamtambua anayejitolea kama mtumishi wa serikali akiumia kazini. Yeye aliumia mlangoni kwake, kabla ya saa ya zamu. Mjane, mwanawe yuko majimbo matano kutoka hapo. Baada ya siku kumi na mbili maji ya kambi yangefungwa, kabla mabomba hayajapasuka kwa baridi, na kila mtu alitakiwa awe ameondoka. Nyumba yake yote, picha za mumewe, dawa zake, paka wake, vilikuwa nyuma ya usukani usio na mtu.

Hapakuitishwa kikao. Mume wangu alikunja turubai la nje. Mimi nilimwaga matangi yake, choo kwanza, sabuni baadaye, nikafunga vikombe vyake kimoja kimoja kwenye taulo. Yule mzee wa malori ya miaka thelathini, ambaye msimu huo alikuwa amerudi, safari hii kama mwenyeji wa kambi kama sisi, ndiye alikaa kwenye usukani. Tulitoka alfajiri, magari manne, taa zimewashwa, mwendo wa pole kama msafara wa arusi. Paka nilimbeba mimi. Kanisa moja karibu na hospitali lilikubali tuegeshe uani kwake na kuchomeka umeme hadi atakapopata nafuu.

Oktoba tulimtembelea. Alikuwa anatembea na fremu ya magurudumu madogo, amekonda, amenyoosha nywele. Akasema anataka kuingia kwake. Ngazi ya kwanza alipanda mwenyewe, akasimama, akapumua. Ya pili tulimwinua kwapani, mmoja kila upande. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya paka. Hakukaa. Alishika ukingo wa kaunta, akafungua friji, akaingiza kiganja chake ndani na kukiacha hapo kidogo.

"Inapooza," akasema.